Kununua karavani ya rafu rodi kwa safari za mbali Australia: hatua kwa hatua

Kila mwaka mvua zikikaribia kuisha kaskazini mwa Australia, watu wetu walioko Perth, Adelaide, Brisbane na Melbourne huanza kuuliza maswali yale yale. Ninunue karavani gani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari? Gari langu litaivuta? Hiyo iliyobandikwa maneno ya rafu rodi ubavuni, inaweza kweli kupita Gibb River Road? Ni heri kununua mpya au iliyotumika? Nimeyapanga majibu hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu ukiwa nyumbani na daftari hadi siku unapoikokota karavani yako kwenda kwenye mizani.

Jambo moja ulishike tangu sasa: uzito ndio unaoamua. Wengi huanza na kitanda, choo na jiko, wakaja kuuliza uzito baada ya kulipa. Hapo gari, bima na sheria vyote vinakuwa vimekukataa, na pesa imeshakwenda.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari lako, na picha ya kibati chake. Utahitaji tarakimu nne: GVM (uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na mzigo), GCM (uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja), uzito linaoruhusiwa kuvuta, na uzito unaoruhusiwa kukalia kiunganishi cha nyuma.
- Orodha ya njia unazotaka kupita katika miaka mitatu ijayo, kwa majina.
- Idadi ya watu watakaolala ndani, na idadi ya siku mtakazokaa bila kuchomeka umeme wala kujaza maji.
- Bajeti yenye akiba pembeni. Bei ya karavani sio mwisho wa matumizi: kuna kidhibiti breki ndani ya gari, vioo vya kurefusha, bima, usajili, na mara nyingi matairi.
- Tochi kali, futi ya kupimia, mkeka wa kulalia chini na nguo za kuchafua. Hivi ni vya siku ya ukaguzi. Asiyelala chini ya karavani hajaikagua.

1. Andika njia kwanza, karavani baadaye

Australia ni kubwa, na sehemu kubwa ya safari maarufu ni lami tupu. Kuvuka Nullarbor kwa Eyre Highway ni lami mwanzo mwisho. Kwenda Uluru kwa Stuart Highway kisha Lasseter Highway ni lami. Ikiwa hizo ndizo safari zako, karavani ya kawaida inakutosha, na utaokoa maelfu ya dola na mamia ya kilo. Usibebe chuma cha jangwani kwenda kuegesha pwani.

Mambo hubadilika ukitaja njia kama hizi:

Gibb River Road huko Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, ina takriban kilomita 660 kati ya Derby na upande wa Kununurra. Ina changarawe, mawe, mawimbi ya barabara na mito ya kuvuka, Pentecost ukiwa ndio mkubwa. Hupitika wakati wa kiangazi, takriban Mei hadi Oktoba. Oodnadatta Track kutoka Marree hadi Marla ni karibu kilomita 620. Great Central Road kutoka Laverton hadi Yulara ni kama kilomita 1,100, na unapita ardhi za Waaborijini, hivyo kibali huombwa kabla ya safari. Hizi karavani imara inaziweza.

Canning Stock Route na matuta ya mchanga ya Jangwa la Simpson ni habari nyingine. Huko matrela hayashauriwi kabisa, hata yale imara. Anayekuambia karavani yake ni ya Canning anakuuzia ndoto.

Kuna pia sehemu ambazo ukubwa wenyewe unakufungia mlango. Barabara ya kuingia Purnululu, kwenye milima ya Bungle Bungle, ina kilomita 53 na hupokea karavani za rafu rodi zenye ekseli moja tu. Ukiwa na ekseli mbili utaiacha karavani kambini kando ya barabara kuu na kwenda kulala kwenye hema. Kwa hiyo ukiandika Purnululu kwenye orodha yako, tayari umeshachagua nusu ya karavani.

2. Piga hesabu ya gari lako kwa kalamu

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa pesa kuliko nyingine zote.

Usidanganywe na tangazo la "huvuta kilo 3,500". Chukua Land Cruiser 300: GVM yake ni kilo 3,280, inaruhusiwa kuvuta 3,500, na GCM ni 6,750. Jumlisha 3,280 na 3,500 unapata 6,780. Tayari umezidisha kilo 30, na hilo ni miongoni mwa magari yenye nguvu kuliko mengi. Kwenye pikapu za kawaida pengo hilo ni kubwa zaidi. Maana yake, ukivuta uzito wote unaoruhusiwa, huwezi pia kupakia gari lote.

Sasa njoo kwenye hesabu inayowauma wengi. Karavani iliyopakiwa vizuri huweka takriban asilimia 10 ya uzito wake juu ya kiunganishi cha gari, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari. Tuchukue mfano wa gari lenye GVM ya kilo 3,200 na uzito mtupu wa 2,500, tangi la mafuta likiwa limejaa. Una nafasi ya kilo 700.

Karavani ya kilo 2,800 inaweka 280 kwenye kiunganishi: zimebaki 420.
Wazazi wawili na watoto wawili, tuseme 240: zimebaki 180.
Bampa la chuma mbele, 60: zimebaki 120.
Kichanja cha juu ya paa na friji ya nyuma iliyojaa, 80: zimebaki 40.

Kwenye hizo 40 bado hujaweka zana, spea ya pili, madumu ya dizeli, wala begi la nguo. Fanya hesabu hii kwa gari lako mwenyewe. Na ikiwezekana, ipakie familia na vitu vyenu vya safari, mwende kwenye mizani ya malori mpime gari peke yake. Tarakimu ya mizani ni ya kweli kuliko ya kitabu, hasa kama gari lina vitu vilivyofungwa baadaye.

Onyo: springi ngumu za nyuma hazibadilishi GVM. Gari litasimama sawa na bado likawa limezidisha uzito kisheria. Kuongeza GVM ni kazi yenye cheti, na mara nyingi GCM haipandi pamoja nayo.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na tarakimu moja mkononi: uzito wa juu wa karavani unayoweza kuimudu. Iandike kwenye karatasi. Karavani yoyote iliyo juu yake usiitembelee hata kwa macho.

3. Soma kibati cha karavani

Kibati kiko mbele, kwenye mkono wa kuvutia au karibu na mlango. Tafuta Tare na ATM. Tare ni uzito ilipotoka kiwandani, bila maji na bila gesi. ATM ni uzito wa juu inaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Tofauti kati yake ndiyo nafasi yako ya mzigo.

Karavani yenye Tare ya 2,400 na ATM ya 2,800 ina nafasi ya kilo 400. Inasikika nyingi. Lakini matangi mawili ya lita 95 yakijaa ni kilo 190, kwani lita moja ni kilo moja. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9 inaongeza 18 za gesi peke yake. Umebakiwa na 192 kwa ajili ya chakula, vyombo, matandiko, viti, nguo na vifaa vya watoto. Kwa familia ya watu wanne hizo zinakwisha haraka. Mimi siwezi kumshauri mtu anunue karavani ya familia yenye nafasi chini ya kilo 500 ikiwa anakwenda mbali.

Muulize muuzaji kama vitu vya ziada, yaani kiyoyozi, turubai la kivuli, betri ya pili, paneli za sola, vilifungwa kabla au baada ya Tare kupimwa. Mara nyingi ni baada. Kama ni mpya na bado haijatengenezwa, dai Tare halisi iandikwe kwenye mkataba.

4. Chagua umbo

Kwa ufupi, kuna aina nne. Trela la kambi lenye hema la kukunjua ni jepesi na la bei nafuu, lakini hulichukua muda kusimama na vumbi linaingia kwenye turubai. Karavani chotara ni fupi, imara, jiko lake likiwa nje na kitanda ndani. Kwa watu wawili wanaokwenda Kimberley hii ndiyo ningeitaja kwanza. Karavani yenye paa la kuinuka hupunguza upepo na mafuta, na hupita chini ya matawi. Karavani ndefu yenye kila kitu ndani ni starehe, ila ni nzito, na kwenye njia nyembamba ya mchanga kugeuka nayo ni taabu.

Chukua ndogo kuliko unavyodhani unahitaji. Mtakaa nje mchana kutwa. Ndani ni pa kulala na kukimbilia upepo.

Ikiwa hujawahi kuvuta kitu, kodi karavani ya ukubwa unaoutaka kwa wiki moja kabla ya kununua. Hakuna maelezo yatakayokufundisha kurudi nyuma kwa karavani kama kufanya mwenyewe.

5. Ingia chini

Tandika mkeka, washa tochi, lala chali. Anza mbele uende nyuma.

*Chesisi.* Tazama mahali mkono wa kuvutia unapoungana na chesisi kuu. Hapo ndipo panapobeba mapigo yote. Pangusa tope kwa kidole na ufuate mstari wa kuchomelea polepole. Ufa mwembamba huonekana kama unywele wenye kutu pembeni. Rangi mpya iliyopakwa hapo tu, wakati kwingine ni ya zamani, ni sababu ya kuuliza maswali. Chuma kilichochovywa zinki hudumu kuliko kilichopakwa rangi, hasa kama karavani imekaa ufukweni.

*Springi.* Karavani nyingi za rafu rodi zina mkono na springi ya koili kwa kila gurudumu peke yake, na shokapu mbili kwa kila upande. Mfumo wa Cruisemaster ni miongoni mwa inayojulikana. Springi za vyuma bapa nazo zinafaa, na uzuri wake ni kwamba fundi wa mji mdogo anaweza kuzitengeneza. Usichague kwa sifa, chagua kwa hali: bushi zilizochanika, shokapu inayovuja mafuta, bolti iliyotafuna tundu lake. Shika shokapu uitikise. Ikicheza, kuna kazi.

*Kiunganishi.* Tufe la kawaida la milimita 50 limetengenezwa kwa lami. Kwenye mitaro na vilima gari linainama huku na karavani kule, na tufe hilo halizunguki vya kutosha. Karavani ya rafu rodi iwe na kiunganishi kinachozunguka pande zote, kama DO35 au McHitch. Kagua minyororo ya usalama: karavani yenye ATM inayozidi kilo 2,500 lazima iwe na miwili.

*Breki.* Karavani ambayo uzito unaobebwa na magurudumu yake, yaani GTM, unazidi kilo 2,000 lazima iwe na breki kwenye magurudumu yote, pamoja na kifaa kinachofunga breki chenyewe karavani ikichomoka na kuzishikilia kwa angalau dakika 15. Kijaribu kifaa hicho hapo hapo kwa kuvuta pini, magurudumu yafunge. Betri yake ndogo hufa kimya kimya bila mtu kujua.

*Matairi.* Yawe ya malori mepesi, na soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Karavani hukaa zaidi kuliko inavyotembea, hivyo tairi huzeeka meno yakiwa mazima. Jambo zuri kuliko yote ni rimu za karavani kulingana na za gari, ukubwa na matundu ya bolti. Hapo spea ya gari ni spea ya karavani. Hilux, Ranger na Land Cruiser 300 zina bolti sita. Land Cruiser 79 ina tano. Uliza, upime, usikisie.

*Mabomba na nyaya.* Karavani nyingi zilizobandikwa maneno makubwa hufichuka hapa. Mabomba ya maji yananing'inia bila kinga, koki ya kutolea maji imechomoza chini kuliko ekseli, nyaya zimefungwa kwa vikamba vya plastiki. Jiwe moja tu, na lita 95 za maji ziko barabarani. Matangi yawe na bamba la chuma chini, nyaya ziwe ndani ya mpira mgumu na zifungwe kwa vibano vya chuma.

6. Kuta, vumbi na unyevu

Kuta zenye fremu ya mbao na bati la alumini nje ni nyepesi na rahisi kutengenezwa, lakini maji yakiingia mbao huoza na hutajua. Fremu ya alumini haiozi, ila viungo vikiwa vibaya hupasuka kwenye mawimbi. Paneli za fiberglasi zenye povu katikati ni imara na zinakinga joto; zikigongwa, matengenezo ni ghali.

Ukiwa ndani, bonyeza ukuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na kwenye pembe za dari. Ukibonyea, maji yameshaingia. Funga mlango na madirisha yote, kaa dakika tano, unuse. Harufu ya ukungu haifichiki na manukato. Na karavani iliyotiwa manukato mengi siku ya mauzo ichunguzwe mara mbili.

Kwa karavani iliyotumika, chomoa droo ya chini kabisa uangalie nyuma yake kwa tochi. Vumbi jekundu la bara ni laini kama poda na halisafishiki lote. Utaona mistari yake ikielekea pale lilipoingilia: pembe ya mlango, tundu la hewa la friji, tundu la bomba sakafuni. Mistari hiyo inakueleza karavani imepita wapi kuliko maneno ya mwenyewe. Karavani iliyofikiriwa vizuri huwa na tundu la paani linaloingiza hewa yenye chujio wakati wa kutembea, ili shinikizo la ndani lizuie vumbi.

Fungua na kufunga kila droo na kila kabati. Vikomeo vya plastiki vya kubonyeza hufunguka kwenye mawimbi, na usiku wa kwanza utaokota sahani na mchele sakafuni.

7. Umeme, maji, gesi

Friji kwanza. Ile inayoweza kutumia gesi au umeme inataka kusimama sawasawa, haifurahii joto kali, na matundu yake ya nje huingiza vumbi. Kwa safari za mbali chagua friji ya kompresa ya volti 12.

Friji hiyo hutumia kama ampea-saa 60 kwa siku, zaidi kwenye joto. Taa, pampu na feni huongeza 30 hivi. Betri za lithiamu za ampea-saa 200 zinakupa siku mbili bila jua hata kidogo. Betri za zamani za aina ya AGM utumie nusu tu ya kilichoandikwa, na ni nzito. Paneli za wati 400 siku ya jua zuri hurudisha kile mlichotumia na zaidi kidogo. Hakikisha pia kuna chaja inayochukua umeme wa gari mkiwa njiani, kwa plagi ya Anderson ya ampea 50.

Kiyoyozi kisahau nje ya kambi zenye umeme. Anayekuahidi kulala na kiyoyozi usiku kucha kwa betri anakuuzia pia kilo na dola nyingi za betri.

Maji: weka lita 10 kwa mtu kwa siku, bila kuoga sana. Watu wanne kwa siku tano ni lita 200. Matangi yawe mawili yaliyotenganishwa kwa koki, ili moja likitoboka msipoteze yote, na juu ya hayo beba dumu la maji ya kunywa ndani ya gari.

Gesi ikaguliwe na fundi mwenye leseni, akupe cheti. Queensland ni sharti la sheria karavani inapouzwa. Kwingine dai hata kama muuzaji hataki.

8. Karatasi

Kwa karavani iliyotumika, chukua VIN, yaani namba ya utambulisho, kwenye chesisi yenyewe, sio kwenye tangazo. Iangalie kwenye rejista ya PPSR mtandaoni kwa dola 2. Utaona kama kuna benki inayoidai. Ikiwa mkopo haujalipwa, benki inaweza kuichukua kutoka kwako hata kama ulilipa kwa uaminifu. Dola mbili hizo zisikushinde. Mpya nayo iwe kwenye rejista ya magari yaliyoidhinishwa, RAV, inayotafutwa kwa VIN vile vile.

Soma waranti yote, maandishi madogo kwanza. Tafuta wanavyoeleza rafu rodi. Kuna karavani inayouzwa kwa picha za jangwa, na ndani ya waranti imeandikwa barabara za changarawe zinazotunzwa tu. Mwombe muuzaji akuandikie kwa barua pepe: "karavani hii inafaa kupita Gibb River Road." Barua hiyo ihifadhi. Sheria ya walaji ya Australia inakulinda ukinunua kwa mfanyabiashara, hata waranti ikisemaje: kitu kilichouzwa kwa kazi fulani kiweze kazi hiyo, na kasoro ikiwa kubwa una haki ya kuchagua kurudishiwa fedha au kubadilishiwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, sehemu kubwa ya ulinzi huo huna.

Bima nayo isomwe kabla ya kulipa. Uliza maswali mawili kwa maandishi: mnalipia ajali kwenye barabara isiyo na lami? Na mnalipia bredauni la kuikokota kutoka porini? La pili linaweza kugharimu maelfu.

Onyo: ukiagiza itengenezwe, usilipe fedha nyingi mbele. Watengenezaji hufilisika, na mwenye risiti ya malipo ya awali husimama nyuma kabisa kwenye foleni ya wanaodai. Lipa kidogo kuweka nafasi, kisha kwa hatua unazoweza kuziona kwa macho.

9. Kupokea na safari ya majaribio

Siku ya kupokea usiende jioni. Tenga saa tatu. Jaza maji, washa kila taa, kila moto wa jiko, bomba la moto, pampu, friji. Rekodi video fundi anapokuonyesha. Kilichoharibika kiandikwe kabla hujasaini.

Nenda moja kwa moja kwenye mizani ukiwa umejaza maji na gesi. Pima gari na karavani pamoja, kisha karavani peke yake. Hizo ndizo tarakimu zako halisi.

Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kwa spana ya toki. Kisha fanya safari fupi ya siku mbili tatu yenye changarawe, isiyozidi saa chache kutoka kwa fundi. Mawimbi yatakuonyesha kilicholegea wakati bado uko karibu na msaada. Wikiendi hiyo usiende mbali hata ukishawishiwa.

Mambo yakienda mrama

*Karavani inayumba huku na huku kwa kasi.* Usikanyage breki za gari kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta, bonyeza breki za karavani kwa mkono kwenye kidhibiti, shika usukani sawa. Ukisimama, hamishia mzigo mbele ya ekseli. Kisababishi cha kawaida ni uzito mwingi nyuma, kama spea mbili, baiskeli na sanduku la zana kwenye bampa la nyuma.

*Mtetemo unavunja vitu ndani.* Punguza upepo wa matairi ya gari na karavani kwa robo hivi, na punguza mwendo pamoja nao. Matairi laini kwa mwendo wa kasi hupasuka kwa joto. Ukirudi kwenye lami, jaza.

*Shokapu zinachemka.* Simama kila saa moja, sogeza kiganja karibu nazo bila kugusa. Moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, imebeba kazi ya nyingine iliyokufa. Ikiwa ya baridi kabisa, hiyo ndiyo iliyokufa.

*Habu moja ya gurudumu ni ya moto kuliko nyingine.* Beringi au breki inashika. Usiendelee "mpaka mji ujao". Jeki, zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza. Beba seti nzima ya beringi, sili na grisi, na ujifunze kuzibadilisha nyumbani.

*Betri haijai ingawa jua lipo.* Futa vumbi kwenye paneli kwanza. Kisha angalia fyuzi na plagi ya Anderson, ambayo hulegea na kuingia mchanga. Nyaya nyembamba kutoka kwenye gari pia hupoteza umeme njiani.

*Vumbi linaingia hata baada ya kufunga kila kitu.* Kaa ndani usiku taa zikiwa zimezimwa, mtu azungushe tochi nje kwenye kingo za mlango na matundu ya sakafu. Panapopita mwanga, vumbi linapita. Ziba kwa mpira mpya wa mlango na silikoni.

*Muuzaji hapokei simu kuhusu kasoro.* Andika barua pepe yenye tarehe, picha na unachotaka afanye, umpe siku za kujibu. Asipojibu, peleka malalamiko kwa ofisi ya walaji ya jimbo lako, hazitozi ada. Endelea kutumia maandishi, simu peke yake haitakusaidia baadaye.